Mfereji wa Wote, Wasafishaji Wachache

Katika miteremko ya Mlima Meru, mfereji wa maji husafishwa na wale wanaoutumia. Anayekosa siku ya kazi bila sababu hutozwa faini, wala hasemi kuwa ameonewa. Desturi hiyo yafaa kukumbukwa na kila ofisi inayotunza habari za wananchi kwenye kompyuta.

Tarehe 7 Aprili, 2014, ulimwengu ulitangaziwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed. Ilikuwamo ndani ya OpenSSL, maktaba ya programu inayofumba mazungumzo baina ya kompyuta ili wapita njia wasiyasome. Kosa lenyewe karani yeyote wa masijala atalielewa. Mgeni anafika dirishani na neno la herufi tatu, anasema: "Nirudishie neno langu, lina herufi elfu sitini." Karani hahesabu. Ananakili neno lile, kisha anaendelea kunakili chochote kilicho kando yake: nywila, barua, hata funguo za siri za ofisi. Kila ombi liliweza kutoa hadi kilobaiti 64, na kwa kawaida halikuacha alama yoyote daftarini. Kasoro hiyo ilikuwa mikononi mwa watumiaji tangu Machi, 2012. Huko Kanada, namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao 900 ziliibwa katika mamlaka ya kodi.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya ng'ambo. La hasha! Mwalimu wa Usa River anayesoma hati ya mshahara wake kwa simu hulindwa na programu za ukoo huo huo.

Aibu iko hapa. Tovuti zilizokadiriwa kufikia nusu milioni zilikuwa wazi, ilhali maktaba hiyo ilikuwa na mtumishi mmoja tu wa kudumu, na michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yaliyotajirika kwa maji ya mfereji huo yalileta majembe baada ya maafa.

Kungoja matajiri si sera. Tengeru ipo Taasisi ya Nelson Mandela. Njiro kipo Chuo cha Uhasibu. Vijana wa huko wapewe kazi ya kuzisoma na kuzirekebisha maktaba hizi, na kazi hiyo ihesabiwe katika masomo yao. Nazo idara za serikali ziwe na orodha ya maktaba zinazozitegemea, pamoja na jina la mtumishi mwenye dhamana ya kuzibadili siku kasoro inapotangazwa. Mwaka 2014, ofisi nyingi duniani zilipoteza siku kadhaa zikitafuta tu kujua kama zinayo OpenSSL.