Maji Katika Gari la Nyumba

Baadhi ya jamaa zetu wanaoishi Marekani wamekwisha kuishika desturi ya watu wa huko: wakati wa likizo hukodi gari la nyumba, lenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, wakaenda kukaa katika ardhi za serikali zilizo wazi huko Utah na Arizona. Aghalabu mtu huruhusiwa kupiga kambi hapo hata siku 14. Lakini hapana mfereji, wala umeme, wala jirani wa kuombwa ndoo, na jua ni kali.

Basi kwanza yapasa kuhesabu. Tuseme tangi lachukua lita 200, na ndani ya gari mna watu wanne. Maji ya kunywa na kupika, katika ukame ule, hayapungui lita 20 kwa siku. Vyombo na kujipangusa mwili vyataka lita 15 nyingine. Yamebaki maji ya udhu, na hapa ndipo tangi linapomalizika. Mfereji ukitoa lita 6 kwa dakika, na kila mtu akatawadha kwa dakika mbili huku maji yakimwagika, udhu wa watu wanne kwa sala tano utakula lita 240. Yaani tangi zima halitoshi siku moja! Hali ya kuwa imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kama kibaba, haifiki lita. Kwa kopo la robo tatu ya lita, udhu wote wa siku ni lita 15, na tangi litawatosha siku nne. Kila mtoto apewe kopo lake, wala pampu isifunguliwe kwa udhu. Na maji yakipungua hata yakahofiwa ya kunywa, sharia imeruhusu kutayamamu. Nasi Mashafi twajua kwamba mchanga usio na vumbi hautoshi.

Tena lita moja ni kilo moja. Lita 200 ni mzigo wa kilo 200, na uzito huo uingizwe katika hesabu ya mzigo ulioruhusiwa.

Ama usafi, wengi hununua chujio moja wakadhani limemaliza kila kitu. Sivyo. Chujio la nyuzi huzuia mchanga na kutu. Chujio la mkaa huondoa harufu na klorini, na kwa sababu hiyo twaona si vema kulitumia wakati wa kujaza tangi: maji yaliyoondolewa klorini yakikaa siku nyingi katika joto hayana tena kitu cha kuyalinda. Lifungwe kwenye mfereji wa jikoni, maji yatokapo. Chujio la udongo wa kuchomwa, lenye matundu madogo kuliko nusu ya maikroni (na maikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita), huzuia bakteria na vijidudu vya kuharisha vinavyopatikana katika vijito, lakini virusi ni vidogo zaidi, hupita. Dawa ya klorini nayo huua virusi na bakteria, ila kijidudu kimoja kiitwacho kriptosporidiamu huishinda. Kwa hiyo maji ya kijito yasitiwe katika tangi kabisa. Yatuame katika ndoo, yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemshwe yatokote dakika moja. Na juu ya milima inayozidi mita 2,000, dakika tatu.

Lakini iko sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua na sumu hubaki. Katika nchi ya Wanavajo, inayoenea Arizona, Utah na New Mexico, madini ya urani yalichimbwa tangu 1944 hata 1986, na machimbo zaidi ya 500 yameachwa. Baadhi ya visima visivyosimamiwa vimeonekana kuwa na urani na aseniki. Maji yake huwa maangavu, nayo hayana harufu. Mgeni asiteke kisimani kwa kutazama tu. Ateke palipoandikwa kuwa maji ni ya kunywa.

Kabla ya safari tangi lisafishwe. Tia mililita 200 za klorini ya kufulia isiyo na manukato, jaza maji, fungua kila mfereji mpaka harufu isikike, ulale nayo usiku mmoja, kisha mwaga na suuza mpaka harufu iishe. Mpira wa kujazia maji uwe mbali na ule wa kusafishia tangi la choo, usitiwe hata katika sanduku moja. Vituo vya kumwagia uchafu huwa na mfereji karibu, na mara nyingi maji yake si ya kunywa. Tumeona watu wakijaza chupa hapo.

Wametokea watu wanaochuja maji waliyoogea ili wayatumie tena. Kwa kuoshea magurudumu, hapana neno. Kwa udhu, maji machache yaliyokwisha kutumika katika tohara ya faradhi hayatoharishi tena kwa madhehebu yetu, hata yakiwa safi namna gani. Yakusanywe katika tangi lake, yakamwagwe kituoni.