“After There”: Kosa la Kiingereza Lenye Mantiki ya Kiswahili

Kila msimu wa ripoti za uwandani, wenzetu wengi hurudishiwa kazi zikiwa zimechorwa wino mwekundu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimekuwa nikiwasaidia baadhi yao kuzisahihisha, hasa wale wanaotoka Bagamoyo kwenye ziara za historia na utamaduni, na nimeona makosa yanayojirudia kiasi kwamba nikifungua ripoti ninajua nitakutana nayo. “After there we visited the Old Fort.” “Before there, Bagamoyo was a small town.” “The graves of Kaole are older than of the mission.” “We gave the questionnaire to who were present.”

Pembeni mwa sentensi hizo msahihishaji huwa ameandika neno moja: “Grammar!” Maksi zimekatwa, biashara imekwisha. Mwanafunzi anabaki anaamini hajui Kiingereza, au mbaya zaidi, kwamba hana akili.

Mimi nasema hivi: makosa haya hayatokani na uzembe. Kila moja limebebwa na kanuni ya Kiswahili ambayo mwandishi anaijua vizuri sana, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Kiingereza hakina kanuni hiyo. Yote yanahusu kitu kimoja, yaani vionyeshi (huyu, hilo, pale na ndugu zao) vinapokutana na vihusishi.

Tuanze na “after there”. Kwa Kiswahili tunasema baada ya hapo, kabla ya hapo, tangu hapo, hadi hapo. Neno “hapo” asili yake ni mahali, lakini tunalitumia pia kwa wakati bila shida yoyote. Mwingereza hafanyi hivyo. Neno lake la mahali, “there”, hulitunzia mahali. Ukitaja tukio lililopita atakwambia “after that” na “before that”. Kwa tangu na hadi atasema “since then” na “until then”. Kwa hiyo “hapo” yetu moja inagawanyika mara tatu: “there”, “that”, “then”. Na kinachochanganya zaidi ni kwamba “from there we walked to the beach” ni sahihi kabisa, maana hapo unazungumzia mahali mlipoondokea. Sasa mtu asiyeelezwa tofauti atajuaje kwa nini sentensi moja imepewa vema na nyingine imepigwa mkasi?

Kosa la makaburi nalo lina akili yake. “Makaburi ya Kaole ni ya zamani kuliko ya misheni.” Sentensi imekamilika, kwa sababu ile “ya” ya mwisho inabeba ngeli ya makaburi. Hata bila kulirudia neno, msikilizaji anajua tunazungumzia nini. “Of” ya Kiingereza haibebi chochote. Ni daraja tupu. Ndiyo maana Mwingereza analazimika kusimamisha kionyeshi mbele yake: “older than those of the mission”.

Vivyo hivyo “kwa waliokuwepo”. Ile “o” iliyo ndani ya kitenzi imeshatuambia ni watu gani, hivyo “kwa” inaweza kukaa mbele ya kitenzi bila wasiwasi. Kiingereza hakina “o” hiyo, kwa hiyo kihusishi kinadai mtu wa kukishika mkono: “to those who were present”. Ukiwa na maelezo haya mafupi, kosa ulilolirudia tangu kidato cha kwanza linaweza kukuisha ndani ya wiki moja. Tatizo ni kwamba hatupewi maelezo. Tunapewa wino.

Kuna wenzangu watasema, jamani, hivi ni vineno tu, tuna mambo makubwa ya kupigania, bumu linachelewa na hosteli hazitoshi. Sawa. Lakini vineno hivi ndivyo vinavyomtia mtu sapu kwenye kozi ambayo maudhui yake anayajua vizuri. Ndivyo pia vinavyomfanya mwenye hoja nzuri anyamaze semina nzima kwa kuogopa kuchekwa. Halafu kuna hasara nyingine kubwa kuliko GPA, na Bagamoyo inaionyesha vizuri.

Mtu anapoenda pale kukusanya masimulizi, anazungumza na wazee kwa Kiswahili, kisha anakuja kuandika ripoti kwa Kiingereza. Chukua sentensi ya aina hii, ambayo mzee yeyote wa Mji Mkongwe angeweza kuitamka akiwa amesimama kwenye jengo la Caravanserai: “Pembe zilifika hapa, zikawekwa humu, kisha zikavushwa kule, na huko ndiko zilikouzwa.” Hapa ni mji. Humu ni ndani ya jengo. Kule ni ng'ambo ya maji, Unguja, anakonyooshea kidole. Huko ni mahali palepale pa ng'ambo, lakini sasa pamekwishatajwa, na ile “o” ya mwisho inamrudisha msikilizaji kwenye kile alichokisikia. Maneno manne yenye kazi nne.

Mwanafunzi anaandika: “The ivory came here, was kept here, then was taken there, and there it was sold.” Sarufi haina kosa hata moja! Maksi atapata. Lakini mji na jengo vimekuwa kitu kimoja, bahari imepotea, na anayesoma ripoti hiyo maktaba miaka 20 ijayo hatajua “there” ni wapi. Kiingereza kina uwezo wa kusema yote hayo, ila kinayasema kwa vihusishi na majina: “to this town”, “inside this building”, “across to Zanzibar”. Kwa maneno mengine, mzigo ambao kwetu unabebwa na kionyeshi, kwao unabebwa na kihusishi. Anayelijua hilo atatafsiri vizuri. Asiyelijua atapoteza ushahidi huku akipewa vema.

Kulaza lugha mbili ubavu kwa ubavu si jambo geni katika pwani hii. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Dunda jirani na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwa Wajerumani. Carl Velten, aliyechapisha “Desturi za Wasuaheli” mwaka 1903 ambamo maandishi ya Mtoro yana sehemu kubwa, aliwaandikia Wajerumani sarufi ya Kiswahili kwa Kijerumani. Padri Charles Sacleux, wa shirika lililoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, aliandika sarufi ya Kiswahili kwa Kifaransa. E. O. Ashton alipotoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1944, aliwaeleza wasomaji wake kwa Kiingereza kazi ya ile “o” ya kurejelea ambayo leo inatupa tabu sisi. Wote hawa waliona ni jambo la kawaida mgeni kujifunza lugha yetu kupitia lugha yake. Iweje sisi tukiingia darasa la stadi za mawasiliano tuambiwe tukiache Kiswahili mlangoni?

Najua jibu la wengine: siku hizi kuna programu za kusahihisha, bandika tu aya yako. Programu itageuza “after there” kuwa “after that”, sikatai. Ila haitakaa nawe kwenye chumba cha mtihani, na haikuwepo Bagamoyo mzee aliponyoosha kidole baharini. Haiwezi kurudisha “kule” ambayo wewe mwenyewe umeshaifuta.

Wengine watasema dawa ni kufundishiwa kwa Kiswahili mpaka chuo kikuu. Naunga mkono. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Lakini mtihani wa mwezi ujao ni wa Kiingereza, na aliyeko mwaka wa kwanza leo hawezi kuisubiri sera.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti. Kwanza, walimu wa stadi za mawasiliano watenge vipindi viwili kila muhula vya kulinganisha Kiswahili na Kiingereza waziwazi, wakianza na haya ya hapo, huko na humu. Pili, msahihishaji akikata maksi ya lugha aandike kosa ni lipi, hata kwa maneno matatu. “That, not there” inatosha. Tatu, ripoti yoyote ya masimulizi iambatishwe na maneno ya Kiswahili kama yalivyotamkwa, ili tafsiri ikikosea, ushahidi ubaki.

Kamati ya taaluma ya serikali yetu ya wanafunzi inaweza kulipeleka la tatu kwenye idara hata kabla ya ziara ijayo. Nasi tunaosaidiana kusahihisha kwenye vibaraza vya hosteli tuanze na la pili. Ukimwekea mwenzako alama ya mkasi, mwandikie na sababu.