Jua la Mchezoni na Jua la Angani

Wako walimu waonao kwamba michezo ya kompyuta haina la kumfunza mwanafunzi ila uvivu. Rai hiyo yafaa ipimwe kwa mfano. Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali uliobuniwa Uswidi na kukamilika mwaka 2011, umetungiwa viongezo vingi na wachezaji wajuao kuandika programu. Kimojawapo, IndustrialCraft 2, humwezesha mchezaji kuunda mitambo, nyaya, betri na paneli za umeme wa jua.

Hesabu ya paneli hiyo ni nyepesi. Mchezo huenda kwa mapigo 20 kila sekunde, na katika kila pigo la mchana paneli hutoa kizio 1 cha umeme. Usiku na mchana wa mchezoni huchukua dakika 20, na mchana ni kama nusu yake. Kwa hiyo paneli moja hukusanya takriban vizio 12,000 kwa siku. Kipande kimoja cha makaa ya mawe kikichomwa katika jenereta ya mchezo huo hutoa vizio 4,000. Basi kazi ya paneli ya siku nzima ni sawa na vipande vitatu tu. Betri ndogo ya vizio 40,000 haijai ila baada ya siku tatu na ushei. Mwanafunzi aliyeipiga hesabu hii ameshatambua kwamba umeme wa jua hauna budi kuwekewa akiba ya usiku.

Hata hivyo, mchezo huo una uongo wake. Kwa sehemu kubwa ya mchana paneli yake hutoa kiasi kilekile, jua liwe limeinama au liwe utosini. Paneli ya kweli iliyolazwa bapa haiko hivyo. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, paneli hukinga nusu tu ya miali ambayo ingeikinga jua likiwa utosini, na unene wa hewa hupunguza zaidi. Vumbi nalo hula sehemu yake, na paneli ya silikoni hudhoofu kadiri inavyopata joto. Kiongezo kingine, Advanced Solar Panels, kina hata paneli zitoazo umeme usiku!

Kosa hili lina gharama. Kijana aliyezoea jua la mchezoni ataichukua paneli ya wati 200, azidishe kwa saa 12, na kutarajia wati-saa 2,400. Lakini mahali penye jua zuri, mwanga wa siku nzima hulingana na saa 5 hivi za jua kali, yaani wati-saa 1,000 au pungufu. Akipanga umeme wa zahanati kwa hesabu ya kwanza, friji ya chanjo itazima kabla ya alfajiri.

Kuupiga mchezo marufuku hakutaliondoa kosa hilo. Yafaa mwalimu wa fizikia auingize darasani pamoja na paneli ndogo, kipima-umeme na kipimapembe. Wanafunzi wapime pato la paneli kila saa tangu asubuhi hadi jioni, wachore grafu, kisha waiweke kando ya mstari ulionyooka wa mchezoni. Tofauti ya michoro hiyo miwili ndiyo fizikia inayopaswa kufundishwa.