Koili Moja Isiturudishe Kwenye Mkaa

Upo ugonjwa wa fikra ulioota mizizi katika nyumba za baadhi ya watumishi wa umma. Koili moja ya jiko la umeme ikikataa kupata moto, mwenye nyumba hulitazama jiko zima kama maiti. Halichunguzi, hamwiti fundi, wala haulizi bei ya kipuri. Hulisukuma uani likanyeshewe, kisha humtuma mtoto akalete mkaa. Mwisho wa mwezi hukopa ili anunue jiko jipya. Na huyo ndiye aliyejifunza kanuni ya Ohm sekondari. Pengine ndiye anayeifundisha.

Hiyo ni kasumba. Elimu ya kikoloni ilimzoesha msomi kuamini kwamba kalamu ni yake na bisibisi ni ya mtu mwingine. Mwalimu Julius Nyerere aliipiga vita fikra hiyo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, alipotaka shule ziache kutenganisha elimu na kazi. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado wapo wenye shahada wanaojivunia kutojua kinachoendelea chini ya sufuria zao.

Koili haina uchawi wowote. Ndani ya bomba lake jembamba umo waya wa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu. Waya huo huukinza umeme, na ukinzani huo ndio unaozaa joto. Ukikatika, umeme haupiti na joto halipatikani. Lakini mara nyingine koili ni nzima kabisa, na ubovu uko kwenye miguu yake iliyoungua, kwenye tundu lililolegea, au kwenye swichi.

Kuutafuta ubovu huo hakuhitaji shahada. Kwanza, jiko lichomolewe ukutani; kama limeungwa moja kwa moja, izimwe swichi kuu. Kuzima kitufe cha jiko pekee hakutoshi. Jiko likishapoa, na kama koili zake ni za kuchomeka, ile isiyowaka ichomolewe na mahali pake iwekwe nyingine iliyo nzima, ya ukubwa na wati zilezile. Umeme ukirudishwa na koili nzima ikawaka, mbovu ni ile iliyotolewa. Isipowaka, koili haina kosa. Tundu, swichi au nyaya ndizo za kuchunguzwa. Mwenye mita ya kupimia anaweza kuhakikisha zaidi: koili ya wati 1,500 kwa umeme wa volti 230 huwa na ukinzani wa takribani omu 35. Mita isipoonyesha njia yoyote ya umeme kati ya miguu miwili, waya umekatika. Ikionyesha njia kati ya mguu na bomba la nje, koili hiyo ni hatari na haifai tena.

Hata hivyo, kujitegemea si ujuaji. Koili iliyokatika haiungwi kwa kipande cha waya. Hununuliwa nyingine inayolingana nayo. Nyaya zilizoyeyuka, swichi iliyoungua na jiko linalopiga shoti ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Anayechokonoa jiko lenye umeme ndani yake hana ushujaa. Anawatafutia watoto wake uyatima.

Wafanyabiashara nao hawana budi kuambiwa ukweli. Wapo wanaojaza maduka kwa majiko mapya bila kuleta koili za akiba, na mnunuzi akiuliza hujibiwa kwamba jiko likiharibika lake ni jalala. Huo ni unyonyaji uliovaa koti la biashara. Fedha za kigeni za Taifa hazikupatikana ili ziishie uani kwa kukosa kipuri kimoja kidogo.

Jambo hili si dogo. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Katika Mto Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Umeme huo utakuwa na faida gani jikoni ikiwa kila koili inayokufa inairudisha familia kwenye moshi na kuangusha mti mwingine? Mwananchi wa kijijini ataaminije wito wa kuacha mkaa ikiwa mtumishi anayeutangaza ameshaurudia?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu wa fizikia walete koili mbovu darasani na kuwafundisha wanafunzi kuipima, ikiwa juu ya meza na mbali na umeme. Watumishi wa umma wayatoe uani majiko waliyoyatupa, na wenye maduka walete vipuri. Taifa haliwezi kujitegemea ikiwa wasomi wake wanashindwa na koili moja.