MITA JANJA YA MAJI SIYO ADUI WA MTAJI WAKO



Mimi nauza chakula na juisi Kirumba, hapa Mwanza. Ziwa liko jirani kabisa, lakini maji yake hayaingii kwenye sufuria yangu bure. Yanavutwa Capri Point na Butimba (mtambo wa Butimba peke yake umejengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku), yanasafishwa, halafu yanasukumwa kwa umeme kupanda milima yetu ya mawe. Gharama yote hiyo inakuja kwenye bili.

Sasa nikupe kisa changu. Nilikuwa nafanyia kazi kwenye nyumba ya wapangaji sita, mita moja. Bili ilipoanza kupanda, wote wakanigeukia: "Mama juisi ndiye anamaliza maji." Nikakubali kulipa nusu. Miezi mitatu faida ya juisi ikaishia huko, mpaka nikawaza kuacha.

Usiku mmoja, watu wamelala, bomba zote zimefungwa, nikaenda kumulika mita kwa tochi ya simu. Kigurudumu kinazunguka! Kumbe choo cha uani floti imekufa, maji yanapita usiku kucha. Tukabadilisha floti, bili ikashuka. Miezi mitatu nililipia maji ya choo kwa hela ya juisi.

Ndiyo maana nikisikia watu wanazipinga mita janja, mimi nasema hapana, tuzielewe kwanza.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza inajisoma yenyewe na kutuma usomaji kwa mtandao, bili inakuja mwisho wa mwezi bila msomaji kugonga mlango wala kukadiria. Ya pili ni ya kulipia kabla, kama LUKU ya umeme: unanunua uniti kwa simu, unapata tokeni, unaiingiza. Uniti zikiisha, valvu iliyo ndani inafunga maji. Nyingi zinatumia betri yake, kwa hiyo umeme wa TANESCO ukikatika zinaendelea kuhesabu.

"Lakini zinakimbia!" Mara nyingi ni mita ya zamani ndiyo ilikuwa imechoka, haishiki maji madogo madogo. Mpya inashika hata kidogo kinachovuja. Chukua glasi ya robo lita: kama bomba lako linaijaza kwa dakika 10, hizo ni lita 36 kwa siku, zaidi ya lita 1,000 kwa mwezi. Uniti nzima imekwenda na hujaosha hata kijiko.

Ila sisemi kila kitu ni sawa. Kulipia kabla hakupunguzi bei ya uniti, bei zinapitia EWURA. Na mita janja moja kwa wapangaji sita ni ugomvi ule ule, ila sasa maji yanakata juisi ikiwa kwenye blenda. Tunachotakiwa kudai ni kila mpangaji na mita yake. Na anayekufungia akwambie mapema ukiishiwa Jumapili usiku unafanyaje.

Fanya haya manne:

1. Jua uniti. Uniti 1 ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mimi natumia ndoo 8 kwa siku. Siku 26 za kazi ni lita 4,160, uniti 4 na kidogo. Zidisha kwa bei yako, kisha iweke kwenye bei ya sahani na glasi. Wengi wetu tunahesabu mkaa na mchele, maji tunayasahau.

2. Pima uvujaji. Funga bomba zote usiku, piga picha namba za mita, piga tena asubuhi kabla hujafungua. Zikibadilika, ita fundi. Kwenye mita nyingi za kuzunguka, namba nyekundu ni lita, ndizo zinakwambia ukweli haraka.

3. Maji yakirudi baada ya mgao, sikiliza. Bomba likipuliza upepo huku mita inazunguka, rekodi video na uipeleke kwa mamlaka ya maji. Baadhi ya mita zinahesabu na upepo. Malalamiko yenye picha hayajibiwi kwa "tutaangalia".

4. Usisubiri sifuri. Ukiwa na ya kulipia kabla, nunua siku ya mauzo mazuri, na ndoo mbili za akiba zisikauke.

Ile mita yetu ya zamani ilikuwa inasema ukweli muda wote. Ni sisi hatukuwa tunaisoma. Leo usiku kabla hujalala, nenda kaimulike ya kwako.