Mashine Bure, Stripu Utalia

Shosho yangu hupima sukari Jumatatu na Alhamisi pekee. Si daktari aliyemwambia hivyo. Daktari alisema kila asubuhi, kabla ya chai. Bei ya stripu ndiyo iliyompangia ratiba.

Mashine yenyewe alipewa bure kwa kambi ya matibabu. Tukapiga picha, tukashukuru. Mwezi uliofuata nikatumwa tao kununua stripu. Duka la dawa la kwanza, hakuna. La pili, la tatu, wimbo ni ule ule: "Za hiyo mashine yako hatuna, lakini za hii nyingine ziko." Na za hii nyingine haziingii! Nilipozipata, pakiti ya 50 ilinitoka elfu mbili na ushee. Hapo ndipo nilielewa kwamba ile zawadi ilikuwa chambo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha. Nikaingia kutafuta hiki kijikaratasi kina nini ndani mpaka kiuzwe hivyo. Wasee, hii teknolojia ni ya zamani kuliko wazazi wenu.

Mwaka 1956, Mmarekani mmoja wa Ohio, Leland Clark, alichapisha kifaa cha kupima oksijeni kwa damu. Alikuwa anaunda mashine ya kuipa damu oksijeni wakati mgonjwa anapasuliwa moyo, na alikosa njia ya kuonyesha kwamba damu inayotoka imepata ya kutosha. Akachukua platinamu, akaifunika na plastiki nyembamba inayopitisha oksijeni lakini inazuia vitu vingine vya damu. Oksijeni ikifika kwa platinamu, umeme unapita. Oksijeni ikizidi, umeme unazidi. Ni hivyo tu.

Mwaka 1962, yeye na Champ Lyons wakaongeza enzaimu inayokula glukosi. Enzaimu ikila glukosi inatumia oksijeni, na ukipima oksijeni iliyopungua unajua sukari ni ngapi. Kufikia 1975, kampuni ya kule kule Ohio ilikuwa inauza mashine ya aina hiyo, ya kukaa mezani maabarani.

Shida ni kwamba oksijeni ya damu hupanda na kushuka, na hiyo inaweza kupotosha majibu. Mwaka 1984, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Cranfield, Uingereza, walionyesha kwamba ferosini, kemikali yenye chuma ndani yake, inaweza kubeba elektroni kutoka kwa enzaimu hadi kwa elektrodi bila kutegemea oksijeni. Mwaka 1987 ikatoka mashine ya nyumbani yenye umbo la kalamu. Stripu zake zilichapishwa kwa wino wa kaboni, karibu vile wasee wa mtaa huchapisha tisheti.

Sasa piga hesabu. Hataza, ile haki ya kumiliki uvumbuzi, kwa kawaida hudumu miaka 20. 1984 ongeza 20 ni 2004. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa! Kwa hivyo msiniambie shosho analipia ugunduzi. Anachonunua kila mwezi ni kufuli.

Najua kuna mjuaji atasema: "Kila stripu ina kemikali yake, ukichanganya utapata majibu ya uongo, na sukari si mchezo." Hapo hajakosea. Stripu ya kampuni moja haiwezi kusomwa na mashine ya nyingine hivi hivi. Lakini kusawazisha mashine na stripu ni suala la namba. Mashine nyingi za zamani, ukifungua pakiti mpya uliingiza kodi kwa mkono, na mashine ikajua hizo stripu zinasomwa vipi. Kiwango cha kimataifa cha usahihi pia kipo, kinaitwa ISO 15197. Kinachokosekana ni wa kuwaambia kampuni: umbo moja, kodi wazi, shindaneni kwa bei.

Na inawezekana. Simu zilikuwa na chaja za kila aina mpaka Umoja wa Ulaya ukasema kuanzia mwisho wa 2024 simu mpya zitumie USB-C. Hata wale wakaidi walifuata. Kwani chaja ya simu ni muhimu kuliko damu ya shosho?

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya vipimo muhimu, kipimo cha sukari kilikuwemo. Basi kaunti zetu, mkinunua mashine, nunueni kwa masharti: stripu zipatikane kwa zahanati ya karibu, na bei iandikwe kwa mkataba kabla ya mashine kushuka kwa lori. Na nyinyi mnaopanga kambi za matibabu, mkikosa stripu za mwaka mzima, hiyo mashine msiiite msaada.

Na wewe, mzazi wako akipewa mashine bure, kabla ya picha uliza: stripu ni pesa ngapi, na nitazipata wapi Desemba? Wakikosa jibu, rudisha.

Leo ni Jumatano. Shosho amekunywa chai yake bila kupima. Kesho ndiyo siku yake.