Ukifika Dar es Salaam na Njaa

Tangu 2021 kituo cha mabasi ya mikoani si Ubungo tena, ni Mbezi, mbali na mjini. Mtu hushuka amechoka, ana njaa, naye hula popote. Mimi nilimpeleka mama Muhimbili, tukaingia hoteli moja yenye vitambaa mezani. Tukala kwanza, bei tukauliza baadaye. Nauli yetu ya kurudi ikabaki pale! Tukakaa siku 2 zaidi kwa shangazi tukingoja fedha za nyumbani. Mama hakusema neno, afadhali angesema.

Basi, uliza bei kabla ya kunawa mikono. Wenyeji nao huuliza. Uliza pia kama mboga na maji ya kunywa vimo katika bei hiyo. Tazama wachukuzi na madereva wanakokula saa 6 mchana: kwa mama lishe wa Kariakoo wali na maharage hupakuliwa vingali vya moto, nawe unaona sufuria. Na Ijumaa ya Kwaresima, ukitoka Misa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, fuata bahari kwa miguu mpaka Feri, wanakokaanga samaki. Chakula kilichopoa tangu mchana kiache, hata kikiwa nusu bei.